Nimelipia kuonja mvinyo mtamu na chokoleti Dodoma, nimepewa mvinyo uliotiwa sukari na pipi ya mawese

Wakuu, heshima kwenu.

Malalamiko haya nayaleta hapa kwa sababu simu nimepiga, ujumbe nimetuma, na jibu nililopata ni "hiyo ndiyo huduma yetu". Kuna kiwanda cha mvinyo nje kidogo ya Dodoma mjini (jina silitaji, bado nadai hela yangu) kinachotangaza mitandaoni kwamba ukienda pale utaonja mvinyo wa baada ya mlo pamoja na chokoleti. Picha zao zinavutia: glasi ndogo zenye mvinyo wa rangi ya asali, vipande vya chokoleti nyeusi juu ya ubao, mapipa yamepangwa nyuma. Bei 80,000 kwa kichwa. Ahadi: kutembezwa shambani, kuonyeshwa mapipa, aina tano za mvinyo mtamu, kila aina na chokoleti yake, na mtaalamu wa kuwaelezeni mnachokunywa.

Tulikwenda watatu, mimi, mama watoto na kaka yake. Huyu shemeji kwao Kyela wanalima kakao. Tangu mtoto amevuna, amevundika, amekausha na kupeleka mzigo mnadani, lakini hajawahi kukaa mezani akaona ile kakao inaishia wapi. Ndiyo maana nililipa bila kuomba kupunguziwa. Nilitaka aone. Tukapanda SGR asubuhi kutoka Dar tukiwa na furaha.

Shamba hatukuonyeshwa. Mapipa hatukuyaona. Tuliketishwa kwenye chumba cha duka la chupa, feni moja, joto la Novemba. Hayo nayapita, maana yaliyofuata ni mabaya zaidi.

Mhudumu, kijana mpole kabisa, alianza kwa kumimina ule mvinyo mwekundu mkali ulioongezwa spiriti. Wa kwanza! Anayejua kuonja anajua unaanza na mwepesi unapanda kwenye mzito, unaanza na usio mtamu unaishia kwenye mtamu. Ukianza na wenye kileo kikali na sukari nyingi, mdomo umeshaharibika, kila kinachofuata utakiona maji. Na ulikuwa na joto la chumba. Mvinyo mtamu mweupe unatakiwa uwe wa baridi, nyuzi 8 hadi 12 hivi, na mwekundu ulioongezwa spiriti nyuzi 15 au 16 hivi. Ukipewa wa nyuzi 30 unanusa kileo tu, unaungua pua, na utamu unakaa mdomoni kama dawa ya kikohozi. Friji ilikuwepo. Ilikuwa na soda.

Chupa ya pili ilipofunguliwa ikatoa mlio na povu likapanda shingoni. Nikauliza, huu ni mvinyo wa mapovu? Akasema hapana, "ndivyo ulivyo". Ndugu zangu, huo ulikuwa unachacha upya ndani ya chupa. Harufu ya hamira ilikuwa wazi, mama watoto alisema inanuka unga wa mandazi uliosahaulika. Mvinyo wenye sukari usipochujwa vizuri au usipozuiwa kuchacha, chachu iliyobaki inaendelea kuila ile sukari na gesi inajaa. Chupa ya namna hiyo inaweza kumpasukia mtu mkononi. Wao wanaimimina kwa mgeni aliyelipa.

Hapo ndipo nilipouliza swali la msingi: huu utamu unatoka wapi? Kijana akajibu bila kuficha, na kwa ukweli wake namheshimu: "Tunatengeneza mvinyo wa kawaida, halafu tunaongeza sukari." Aina zote tano? "Ule mwekundu wa kwanza tunaongeza na spiriti. Iliyobaki ni sukari."

Sikilizeni, kuongeza sukari kwenye mvinyo si sumu. Wanaopenda waendelee kunywa, kuna mvinyo mtamu wa bei nafuu Dodoma unaouzika vizuri na hauna makosa kwa sababu haujidai kuwa kitu kingine. Kosa ni kumtoza mtu 80,000 kwa jina la mvinyo wa baada ya mlo, kisha kumpa ule ule wa dukani uliokorogewa sukari.

Maana mvinyo wa namna hiyo, kokote duniani unakoheshimiwa, utamu wake unatoka kwenye zabibu yenyewe. Sauternes kule Ufaransa na Tokaj kule Hungaria wanasubiri kuvu iitwayo Botrytis iingie kwenye zabibu, inyonye maji, ibakize sukari na harufu. Pale Château d'Yquem, shamba maarufu la Sauternes, husemwa mzabibu mmoja unatoa glasi moja tu. Kanada wanaziacha zabibu zigande kwenye mti, nyuzi 8 chini ya sifuri au zaidi, wanazikamua zikiwa barafu. Ureno, kwenye Port, wanakatisha uchachushaji katikati kwa kumimina spiriti ya zabibu, chachu inakufa na sukari ya zabibu inabaki, kileo kinafika asilimia 19 hadi 22. Afrika Kusini wapo wa Constantia, ambao mvinyo wao mtamu Napoleon alikuwa akiletewa alipofungwa kisiwani St Helena. Hakuna hata mmoja hapo anayefungua mfuko wa sukari na kukoroga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Dodoma tunaweza. Barafu hatuna, na ukungu wa asubuhi wa mtoni unaolea ile kuvu kama kule Sauternes hatuna. Lakini jua tunalo na kiangazi tunacho! Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia wakati ambao mvua hakuna kabisa. Kisiwa cha Pantelleria huko Italia kimejipatia jina duniani kwa kuanika zabibu juani mpaka zisinyae, kisha kuzikamua. Hiyo ni teknolojia ya kichanja na jua, mkulima yeyote wa Hombolo anaiweza kesho asubuhi. Tena tunayo Chenin Blanc, zabibu ile ile ambayo bonde la Loire, Ufaransa, wanaitengenezea mvinyo mtamu wa Quarts de Chaume na Coteaux du Layon, unaokaa kwenye chupa miongo na miongo ukizidi kuwa mzuri. Mbegu moja! Wao wanaiuza kwa heshima, sisi tunaitia sukari ya kilo. Na kila baada ya misimu kadhaa tunasoma habari za wakulima wa zabibu Dodoma waliokosa soko mpaka mzigo ukaharibika shambani. Zabibu zilizosinyaa kwa kukosa mnunuzi zingekuwa ndizo mali yenyewe kama kiwanda kingekuwa na mtu anayejua kazi.

Isitoshe, mvinyo wa zabibu za ndani umepewa nafuu ya ushuru wa bidhaa ukilinganisha na wa kutoka nje. Nafuu hiyo ni kodi yetu wote. Walau mturudishie kazi iliyofanywa kwa bidii.

Sasa chokoleti.

Ilikuja kwenye sahani ya udongo, vipande vitano vinavyofanana, vya kahawia, vina mabaka meupe juu. Shemeji akachukua kimoja, akakinusa kwa muda mrefu, akakivunja. Hakikutoa mlio wowote, kilijikunja. Akakiweka mdomoni. Akanitazama, akasema taratibu, kwa adabu zake zote: "Shemeji, hii haina kakao."

Niliomba kuona pakiti. Kijana akasita, nikasisitiza, akaileta. Imetoka nje ya nchi, na orodha ya viungo inasema: sukari, mafuta ya mimea (mawese), unga wa maziwa, unga wa kakao kidogo, ladha. Siagi ya kakao haipo kabisa. Kiwango cha kimataifa cha chakula cha Codex, kile cha chokoleti cha mwaka 1981, kinataka chokoleti iwe na kakao kavu isiyopungua asilimia 35, ndani yake siagi ya kakao asilimia 18, na mafuta mengine ya mimea yasizidi asilimia 5. Tulichopewa sisi ni pipi ya mawese iliyopakwa rangi ya kakao. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti ya kweli ikifika ulimini inatoweka yenyewe. Ile yao iliganda kwenye kaakaa, tukabaki kuikwangua kwa ulimi.

Naomba mfikirie huyu mtu amekaa pale. Kwao wanafungua tunda kwa panga, wanavundika mbegu kwenye masanduku siku tano, sita, wanageuza, wanafunika majani ya migomba, wanaanika, wanachambua moja moja. Ukikatisha kuvundika mapema kakao inakuwa chungu na kali, ukichelewesha inanuka. Analijua hilo kwa pua. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka kwao Kyela. Nyingine inatoka Kilombero, na huko Mbingu kuna Kokoa Kamili, wanaonunua kakao mbichi kwa wakulima na kuivundika wenyewe kwa uangalifu, mpaka watengenezaji wa Marekani kama Dandelion wa San Francisco wakaiandika Kokoa Kamili kwenye pakiti ya chokoleti yao kama sifa. Dar yenyewe wapo Chocolate Mamas wanaotengeneza chokoleti kwa kakao ya hapa hapa. Simu moja tu ingetosha. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, dunia nzima ilikuwa inaihangaikia, halafu kiwanda cha Kitanzania kinamkalisha mkulima wa kakao wa Kitanzania mezani na kumpa mawese ya kigeni.

Mimi nilione hilo nikae kimya?

Na hata ule uoanishaji wenyewe wa mvinyo na chokoleti hakuna aliyeufikiria. Kanuni ya kwanza kabisa: mvinyo lazima uwe mtamu kuliko chokoleti, la sivyo mvinyo unageuka maji ya ndimu. Wao katika zile aina tano walituletea mwekundu mmoja ambao sukari yake hata haikuonekana, wakatuambia tuunywe na ile pipi. Ulikuwa mchachu na mchungu kwa pamoja. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 inataka mvinyo mwekundu mtamu wenye nguvu, Port au Banyuls ya Ufaransa. Mweupe wenye harufu ya asali unakwenda vizuri na chokoleti ya maziwa au yenye korosho. Korosho, jamani, za Mtwara! Kiwanda cha mvinyo cha Waterford kule Stellenbosch, Afrika Kusini, wanafanya kazi hii miaka mingi, chokoleti inatengenezwa kwa kufikiria mvinyo wake, mmoja mmoja. Niliwahi kwenda nilipokuwa huko kikazi, na tangu siku hiyo nilikuwa nikisema iko siku tutakuwa na kitu kama hicho nyumbani. Nilipoona tangazo hili niliamini siku imefika.

Yule kijana simlaumu hata kidogo. Hakufundishwa. Amepewa chupa, trei na sare, akaambiwa ahudumie. Tukimuuliza aina ya zabibu anasema "nyekundu". Lawama ni kwa wenye kiwanda wanaolipia picha nzuri na hawalipii mafunzo ya mtu mmoja, wakati Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu na wataalamu wamejaa.

Nilimpigia meneja palepale. Akaniambia, "Mzee wangu, wageni wengine wanafurahi." Nikamwuliza kama wageni wengine wanaambiwa ni sukari na mawese. Akasema ana kikao, atanirudia. Hajanirudia. Ujumbe wangu ameusoma.

Ninachodai kipo wazi. Kwanza, fedha zetu, 240,000, zote. Pili, picha zile zishushwe mpaka watakapokuwa na vitu vilivyomo kwenye picha. Tatu, waandike kwenye tangazo lao, kwa maandishi yanayosomeka, kwamba mvinyo umeongezwa sukari na kwamba kitafunwa si chokoleti, kisha wapange bei inayolingana na hicho. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na risiti, pakiti niliyoipiga picha na tangazo lao nimeviweka pamoja. Wakikaa kimya hadi mwisho wa mwezi huu, vinakwenda Tume ya Ushindani na nakala kwa Shirika la Viwango (TBS), hasa kwa ajili ya ile chupa inayochacha.

Waliowahi kufika sehemu kama hiyo na kupewa kama tulichopewa sisi, wekeni hapa chini mlichoahidiwa na mlichokikuta. Na kama kuna mtu Hombolo, Mpunguzi au Bihawana anayeanika zabibu zake mwenyewe na kukamua mvinyo mtamu bila sukari, hata kama ni madumu mawili tu nyuma ya nyumba, aje kwenye ujumbe binafsi. Tutakuja na shemeji na hela taslimu, na kakao ya Kyela tutaibeba wenyewe.