Fundi wetu wa dakti, yule mnayemjua, kaniambia NIVAE SOKSI!!!

Bi_Blanketi (mleta uzi)
Wakuu, naandika nikiwa na koti, kofia na shuka la Kimasai juu yake, ndani ya nyumba ninayoilipia mkopo mwenyewe. Mkiona herufi zimerukwa ni vidole, havikunji.

Simtaji jina. Wote wa Minneapolis na vitongoji vyake mnamjua. Yule wa gari jeupe lenye ngazi juu ambayo hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiishusha. Yule wa "usijali dada, hiyo kazi ya dakika". Huyo huyo.

Nilimwita anifungie dakti mpya, yale mabomba yanayopeleka hewa ya moto vyumbani kutoka kwenye fanesi, lile tanuru la gesi la kupasha nyumba joto. Za zamani zilikuwa zimetoboka na chumba cha mtoto hakipati joto. Kagonga nyundo besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, siku nzima, kala ugali wangu, kala na wa mume wangu, kachukua hela yake, kaondoka. Usiku fanesi inawaka, inapuliza kidogo, inazima. Inawaka, inazima. Chumba cha mtoto ndiyo usiseme, ukipiga chafya inadondoka chini inavunjika.

Leo nimempigia, kaja. Kasimama sebuleni, mbele ya mama mkwe wangu aliyeingia juzi kutoka Moshi, kaweka kiganja kwenye tundu la hewa, kafumba macho kama nabii, kasema: "Dada, joto lipo. Wewe vaa soksi."

VAA SOKSI.

Mbele ya mama mkwe! Ambaye hapo alipo amevaa soksi zake na za mwanawe!

Fundi alipoondoka, mume wangu, mtu wa kupakia mizigo ghalani, hata bisibisi anaishika kinyume, kashuka besmenti kachomoa filta, ile ya kuchuja hewa inayoingia kwenye fanesi. Filta imo ndani ya nailoni yake. Nailoni ya dukani, na stika ya bei juu. Fanesi ya watu inavuta pumzi kupitia mfuko wa plastiki, halafu mtu ananitazama usoni ananiambia nivae soksi! Na dakti ya chumba cha mtoto haijafika chumbani. Imeishia kwenye dari ya besmenti, joto lote linawapulizia panya. Panya wangu sasa hivi wana kaptula.

Vaa soksi. Mimi.

Karanga_Mbichi
Naweka kiti mbele kabisa. Nani kaja na kahawa?

Kipara_Makini
Swali dogo mleta uzi: wakati anasema hayo, soksi ulikuwa umevaa au hukuvaa?

Bi_Blanketi
@Kipara_Makini soma uzi wewe.

Kipara_Makini
Nimesoma. Za mama mkwe zimetajwa, za mume zimetajwa. Zako hazimo.

Mrembo_wa_Theluji
Hahahaha panya wana kaptula. Nimecheka kazini bosi kanitolea macho.

Wa_Nyeri
Aki pole dada. Lakini pia wewe, fundi wa bei ya ugali ulitarajia akuletee joto la hoteli? Huyo kwangu alifunga bomba la mashine ya kukausha nguo, akalitolea ndani ya gereji. Gari langu sasa lina manyoya. Nilipomuuliza akasema manyoya yanahifadhi injini.

Fundi_Mwenye_Leseni
Dada, nailoni ndiyo iliyokuumiza. Hewa inayorudi kwenye fanesi kutoka vyumbani ikizibwa, chuma cha kubadilishia joto kinapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata gesi, kikipoa inawasha tena. Ndiyo hiyo waka-zima yako. Filta mpya ukiiweka, mshale wa kwenye fremu uelekee upande wa feni. Na msikimbilie filta ya MERV 13 ya inchi moja eti kwa sababu namba kubwa; MERV ni kipimo cha filta inavyonasa vumbi. Kama dakti za kurudisha hewa ni nyembamba, fanesi inabanwa kifua. Nyumba ya kawaida MERV 8 inakamata vumbi vizuri tu, badilisha kila miezi 3, kama kuna paka au mbwa iwe mapema zaidi. Viungo vya dakti vimefungwa kwa nini?

Bi_Blanketi
Ile tepu ya kijivu ya kitambaa. Imeshaanza kubanduka. Kama aibu yake, sema yeye hana.

Fundi_Mwenye_Leseni
Hiyo tepu inaitwa jina la dakti, "duct tape", lakini kwenye dakti haifai. Maabara ya Lawrence Berkeley kule California waliijaribu mwaka 1998 kwa joto na baridi, ikaachia vibaya kuliko vizibio vyote walivyopima. Dai masitiki, ile gundi nzito ya kupaka, au tepu ya foili yenye alama ya UL 181, kiwango cha usalama cha dakti. Jambo lingine, na hapa sifanyi mzaha: kama dakti ya kurudisha hewa ina mwanya karibu na hita ya maji ya gesi, inaweza kuvuta moshi wa hita ukarudi ndani. Kagua leo kengele ya monoksidi kaboni, ile gesi ya sumu isiyo na harufu. Sheria ya Minnesota inaitaka ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala.

Karanga_Mbichi
Mwalimu kaingia darasani. Kengele ya mapumziko saa ngapi?

Bi_Blanketi
@Fundi_Mwenye_Leseni kengele ipo na nimeijaribu inalia, asante kaka. Lakini umeona alivyosema? Soksi! Mama mkwe ameshapiga simu Moshi, ukoo mzima unajua mwanao ameoa mwanamke asiye na soksi.

Shemeji_Mtata
Kwa hiyo hakuuliza soksi, alitoa ushauri wa kitabibu. Mpeni haki yake.

Dada_wa_Brooklyn_Park
Wewe umeambiwa soksi unalia? Mimi fanesi ilizima Januari, nyuzi 25 chini ya sifuri, nampigia ananiambia "dada tuombe". Tukaomba kwenye simu. Akakata kabla ya amina.

Mzee_wa_Maskati
Nyie mna bahati. Huku Maskati AC ikifa mwezi wa saba, fundi anakuambia kunywa maji. Filta yangu niliifungua ina mchanga wa kupandia mchicha.

Houston_Tuko_Poa
Hamieni Texas, acheni kulialia.

Dada_wa_Brooklyn_Park
@Houston_Tuko_Poa Februari 2021 umeme ulipokatika huko Texas mlikuwa mnachoma viti sebuleni. Kaa kimya.

Mla_Kisamvu
Samahani, mama mkwe wa Moshi anashindwaje na baridi? Moshi ya juu huko Kibosho si baridi tu?

Wa_Nyeri
Kibosho baridi? Watanzania mnachekesha. Njoo Kinangop uone barafu inavyochoma viazi shambani.

Mkinga_Halisi
Kinangop mnajisifia nini? Panda Kitulo mwezi wa sita asubuhi, nyasi nyeupe. Sisi wa Makete hata soksi tumezijua ukubwani.

Kipara_Makini
Tumerudi kwenye soksi.

Wa_Nyeri
Hakuna anayeongelea soksi bana, tunaongelea viazi. Viazi vya Kinangop ukikaanga vinakaa vikavu, havinywi mafuta.

Mkinga_Halisi
Viazi vya Njombe ndivyo vinalisha chipsi za Dar nzima. Hilo halina mjadala.

Mrembo_wa_Theluji
Jamani mmenipa hamu. Hapa Minneapolis viazi vya kukaanga vizuri mnanunua wapi? Vya supamaketi vinalowa.

Dada_wa_Brooklyn_Park
Nunua vile vyenye ganda la kahawia, vya Idaho. Loweka kwanza maji baridi, kausha, kaanga mara mbili.

Bi_Blanketi
Uzi wangu lakini…

Mkinga_Halisi
Mara mbili ni kazi ya bure kama kiazi chenyewe hakina wanga. Ndiyo maana nasema Njombe.

Mrembo_wa_Theluji
@Dada_wa_Brooklyn_Park chumvi unaweka kabla au baada?