Mjadala: Je, Deep Purple bila Ritchie Blackmore bado ni Deep Purple?

Mleta mada:

Ndugu wapenzi wa roki, naomba tulijadili kwa kina jambo ambalo kila likiguswa huishia kwenye kurushiana maneno. Wapo wanaoshikilia kwamba Deep Purple, bendi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1968, ilikufa Novemba 1993, pale mcharaza gitaa wake Ritchie Blackmore alipoiacha katikati ya ziara, na kwamba wote waliomfuata wanakula jasho la wenzao. Sikubaliani nao hata kidogo.

Safu ya mwanzo, Rod Evans akiimba na Nick Simper akipiga besi, haikumaliza hata miaka miwili. Mwaka 1969 waliingia Ian Gillan na Roger Glover, na hao wawili, pamoja na Blackmore, mpapasa kinanda Jon Lord na mpiga drams Ian Paice, ndio waliotupa albamu za In Rock mwaka 1970 na Machine Head mwaka 1972. Anayesema kwamba hiyo ndiyo Deep Purple halisi anakiri, apende asipende, kwamba mabadiliko ya wanamuziki ndiyo yaliyoizaa. Gillan na Glover walipoondoka mwaka 1973, haukupita mwaka ikatoka Burn, David Coverdale na Glenn Hughes wakipokezana kuimba, na katika wimbo uliobeba jina la albamu hiyo Paice hatulii: anajaza kila upenyo unaoachwa na waimbaji, na mwendo hauyumbi.

Kwa sikio langu, kinachoifanya bendi hii iwe yenyewe ni majibizano ya gitaa na kinanda juu ya drams za Paice. Lord alikiunganisha kinanda chake cha Hammond na amplifaya za Marshall, zile zile wanazotumia wapiga gitaa, kikawa kinanguruma na kukwaruza kiasi kwamba msikilizaji mgeni hudhani kuna magitaa mawili. Katika wimbo wa Highway Star kinanda ndicho kinachotangulia kupiga solo, na gitaa likiingia baadaye linakuta moto umeshawaka. Sasa chukueni Slaves and Masters ya mwaka 1990, iliyotoka baada ya Gillan, aliyekuwa amerejea kundini, kufukuzwa na nafasi yake kupewa Joe Lynn Turner, aliyewahi kuimba katika Rainbow, bendi nyingine ya Blackmore. Blackmore yumo, Lord yumo, Glover na Paice wamo, lakini majibizano yale yamefifia na albamu nzima inaelekea kwenye Rainbow. Ikiwa uwepo wa Blackmore haukutosha kuifanya albamu ile isikike kama Deep Purple, inakuwaje kutokuwepo kwake peke yake kuwe ndiko kifo cha bendi?

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu yangu, nimekusoma kwa makini, na umenifunga kwenye Slaves and Masters. Hata hivyo unachanganya kuunda na kuendeleza. Ule mpigo wa gitaa wa wimbo wa Smoke on the Water, ambao kila anayeanza kujifunza gitaa hukimbilia kuujaribu, Blackmore huukwanyua nyuzi mbili mbili kwa vidole, bila kipande cha plastiki, na mlio wake hubadilika mara moja mtu akiupiga kwa namna nyingine. Waliomfuata ni mafundi wakubwa, tena Steve Morse huenda anamzidi kwa mbinu, lakini walikuta nyumba imekwisha kujengwa.

Mwaka 2016 bendi ilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Marekani, walitambuliwa wanamuziki wanane, akiwemo Evans wa safu ya mwanzo, na Morse, aliyekuwa ameitumikia zaidi ya miaka 20, hakuwemo. Isitoshe, hoja yako ya kinanda inakugeuka mwenyewe, kwa kuwa Lord alistaafu mwaka 2002 na kufariki mwaka 2012. Waliokuwa wakijibizana wote wawili hawapo. Umebaki na nini?

Mchangiaji wa pili:

Naongeza jambo moja. Mwaka 1980, bendi ikiwa imevunjika tangu 1976, Rod Evans alizunguka Marekani na Mexico na wanamuziki wasiowahi kuwa katika Deep Purple, wakitumia jina hilo. Shauri likafika mahakamani, na wahusika wakaamriwa kulipa fidia ya dola 672,000. Kwa hiyo kuwa mwasisi hakumpi mtu haki ya kulibeba jina popote aendako, na sioni kwa nini Blackmore ahesabiwe tofauti. Aliyepita katika kila safu, kuanzia 1968 hadi leo, ni Paice peke yake.

Mleta mada:

Nashukuru kwa hoja zenye uzito, hasa hiyo ya Lord, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Don Airey, aliyerithi nafasi yake, hakukigeuza kinanda kuwa pambo la nyuma. Katika Now What?! ya mwaka 2013, albamu iliyotolewa kwa kumbukumbu ya Lord, Hammond inadai nafasi yake mbele kabisa, na gitaa la Morse linalazimika kuijibu. Morse naye alidumu kuanzia 1994 hadi 2022, alipoondoka ili amuuguze mkewe, na ukijumlisha vipindi vyote viwili vya Blackmore havifikii muda huo. Simon McBride aliyempokea amerekodi nao albamu iitwayo =1 ya mwaka 2024, na humo gitaa limerudi kwenye ukali mfupi mfupi wa zamani, bila yeye kujifanya Blackmore.

Nakubali kwamba jukwaani wengi husubiri nyimbo za 1970 hadi 1972, na kwamba sauti ya Gillan haifiki tena pale ilipokuwa ikifika katika wimbo wa Child in Time. Huo ni umri, na Blackmore angebaki ungewakuta vile vile. Kuhusu nyumba iliyokwisha kujengwa, ombi langu kwa mchangiaji wa kwanza ni aisikilize Purpendicular ya mwaka 1996, ya kwanza ya Morse, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha aniambie ni wapi humo amewasikia watu wanaoishi kwa kunakili.