Mfumo endeshi wa kompyuta: ungeongeza nini, ungeondoa nini?

Mchapaji wa Ng'ong'ona

Wakuu, habari za leo.

Ninaendesha steshenari hapa Dodoma, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na kazi zetu mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia vijana maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu. Kompyuta zote hupata intaneti kupitia simu, kwa bando la kununua, na hakuna mashine yenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) isipokuwa ile iliyounganishwa na printa kubwa.

Kwa mazingira haya ninaona kwamba mifumo endeshi ya kompyuta za mezani, yaani programu kuu kama Windows zinazoiendesha mashine, imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo na umeme usiokatika. Ningepewa nafasi ya kuongeza jambo moja, ningeweka swichi kwenye upau wa chini, pale pale karibu na alama ya Wi-Fi, inayosema kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, hivyo programu yoyote isiyofunguliwa na mtumiaji isiiguse mpaka iruhusiwe. Na ningeondoa matangazo. Menyu ya kufungulia programu ni kama meza yangu ya kazi, na sioni kwa nini mtu mwingine aweke bidhaa zake juu yake wakati mashine nimeinunua mwenyewe.

Ninaomba kila mmoja aseme lake: moja la kuongeza na moja la kuondoa. Tena kama kipengele anachokitamani mwenzetu tayari kipo mahali fulani, tafadhali tuelekezane.

Fundi Nkuhungu

Mleta mada, swichi unayoitaka ipo kwenye Windows 10 na 11, isipokuwa imefichwa. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, chagua jina la Wi-Fi unayoitumia, kisha shuka mpaka uone chaguo la kuutangaza muunganisho huo kuwa wa kupimwa. Hapo hapo unaweza kuweka kikomo cha matumizi na kuona kila programu imekula kiasi gani. Kasoro yake ni kwamba mpangilio huo unafungamana na jina la mtandao mmoja mmoja. Leo ukiunganisha kwa simu yako na kesho kwa simu ya msaidizi wako, kompyuta huihesabu simu ya pili kuwa mtandao mpya usio na kipimo, na kila kilichokuwa kinasubiri huanza kushuka. Kwa hiyo ombi lako la kuiweka swichi mahali pa wazi bado lina haki yake.

Kuhusu matangazo, uko sahihi kwamba yapo: mwezi Aprili 2024 Windows 11 ilianza kuonyesha programu za dukani kwenye sehemu ya mapendekezo ya menyu ya Anza. Yanazimwa kwenye mipangilio ya ubinafsishaji, sehemu ya Anza, kwa kuondoa alama kwenye mstari unaohusu mapendekezo ya vidokezo na programu mpya.

Ila kuna jambo moja ningependa tusilichanganye na hoja ya bando. Ninakutana na wateja wengi wanaotaka niwazimie masasisho moja kwa moja, na huwa ninakataa. Machi 2017 Microsoft, watengenezaji wa Windows, ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu fulani, na Mei mwaka huohuo programu haribifu ya WannaCry ikaupitia udhaifu uleule na kufunga mafaili ya watu duniani kote, pamoja na kompyuta za hospitali nyingi nchini Uingereza. Dawa ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla. Kinachotakiwa ni sisi kuamua ishuke saa ngapi na kwa njia ipi, siyo kuifuta.

La kuongeza kwangu, basi, ni kitufe cha kuhifadhi sasisho kwenye flashi. Kwa sasa linawezekana kwa kuzunguka: unaingia kwenye katalogi ya masasisho ya Microsoft, unatafuta namba ya sasisho inayoanza na herufi KB, unapakua faili mara moja kisha unalipeleka kwenye mashine zote zenye toleo lilelile. Mtu mwenye kompyuta sita na bando moja angeokoa fedha nyingi kama jambo hili lingekuwa kitufe kimoja badala ya utafiti wa nusu saa. Sasisho moja la mwezi huweza kuzidi GB moja, nanyi zidisheni wenyewe.

La kuondoa ni sharti la prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, wakati mashine zilizotumika zinazoingia mjini kwetu nyingi ni za kizazi cha 4 hadi cha 7, zenye nguvu ya kutosha kabisa kwa kazi ya ofisi. Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Ukatolewa mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka vya usalama: wakazi wa Eneo la Uchumi la Ulaya wakaupata bila malipo, sisi wengine tukaachiwa kuchagua kati ya kukubali mipangilio yetu ihifadhiwe mtandaoni, kutumia pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, au kulipa dola 30. Sheria za kule zinawabana watengenezaji, na matokeo yake yanaonekana waziwazi. Hata kivinjari cha Edge, wao wameruhusiwa kukiondoa tangu 2024.

Katibu wa Idara

Salamu kwenu nyote. Mimi ninafanya kazi ya ukatibu katika ofisi moja Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na siku nzima ninaandika Kiswahili. Ombi langu ni dogo: kikagua tahajia cha Kiswahili kiwe sehemu ya mfumo wenyewe, kisihitaji kutafutwa. Barua ya kurasa tatu ikifunguliwa kwenye mashine mpya, hugeuka kuwa shamba la mistari myekundu, kwa sababu mashine inadhani nimeandika Kiingereza kibovu. Mstari unaopigwa chini ya kila neno haumsaidii mtu, kwani kosa la kweli, kwa mfano *mkurugezi*, hujificha katikati ya maneno sahihi yaliyohukumiwa pamoja nalo. Ninajua LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ina kamusi ya Kiswahili, na wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ikiwa na menyu za Kiswahili. Ni zaidi ya miaka ishirini, na bado kila kompyuta inayoletwa ofisini nalazimika kuifundisha upya.

La pili, ambalo wengine watalicheka, ni saa. Ningependa saa ya kompyuta iweze kuonyesha saa zetu, yaani saa 7:00 ya asubuhi ionekane saa moja. Mpaka hilo litakapofanyika, ipo hila moja: Windows huruhusu kuongeza saa za miji mingine, nanyi mkichagua Buenos Aires na kuweka mtindo wa saa kumi na mbili, mtapata saa ya Kiswahili bila kosa, kwa sababu mji ule uko nyuma yetu kwa saa sita. Hata herufi za AM zitakaa mchana wote na PM zitaanza saa kumi na mbili jioni. Nimewawekea wazee wawili wa masijala na wameipenda.

Cha kuondoa sina, labda sauti ile ya kengele kila ujumbe unapoingia.

Mwanafunzi wa TEHAMA

Ninaanzia alipoishia mleta mada, kwenye umeme, maana nadhani ndipo penye kasoro ya kimsingi zaidi. Kompyuta ya mezani inaposakinisha sasisho huandika juu ya mfumo uleule unaotumika, kisha inaweka maandishi ya kukuomba usiizime, kana kwamba swichi ya umeme wa mtaa iko mkononi mwako. Umeme ukikatika hapo, kuna uwezekano wa mashine kushindwa kuwaka.

Njia bora inajulikana na inatumika. ChromeOS, mfumo endeshi wa Google wa kompyuta, ina sehemu mbili za mfumo kwenye diski: moja inafanya kazi, nyingine inapokea sasisho kimyakimya. Ukiwasha upya, mashine huhamia kwenye ile mpya, na ikishindwa hurudi kwenye ya zamani. Android ilipata utaratibu huohuo kuanzia toleo la 7, mwaka 2016, kwa simu zilizotengenezwa kuupokea. Ningeongeza jambo hilo kwenye kila mfumo wa kompyuta ya mezani kabla ya kuongeza mapambo mengine. Gharama yake ni nafasi kwenye diski, na kwa bei za diski za leo ningeilipa bila kusita.

Ningeondoa ulazima wa akaunti ya mtandaoni wakati wa kusakinisha. Windows 11 Home ilikuwa nao tangu Oktoba 2021 ilipotoka, Pro kwa matumizi binafsi ikafuata mwaka 2022, na mwaka 2025 Microsoft ilianza kuziba njia za kuukwepa katika matoleo ya majaribio. Kompyuta ya darasani inayotumiwa na watu arobaini haina sababu ya kuwa na barua pepe ya mtu mmoja.

Mhasibu Area C

Upau wa chini urudishiwe uhuru wa kuhamishiwa pembeni au juu. Uwezo huo ulikuwepo tangu Windows 95, na Windows 11 ilipotoka haikuwa nao. Skrini zetu ni pana na fupi, na mimi ninayeshinda kwenye majedwali ninahitaji kila mstari ninaoweza kuuona. Sina la ziada.

Mwalimu Kondoa

Mimi ningeondoa tabia ya kuficha viendelezi vya majina ya mafaili, yaani zile herufi za mwisho baada ya nukta zinazotaja aina ya faili. Windows huvificha yenyewe mpaka uiambie vinginevyo, na hapo faili linaloitwa *matokeo.pdf.exe* hujionyesha kama *matokeo.pdf*, tena likiwa limevaa picha ya hati. Mwanafunzi atajuaje?

Linalotusumbua zaidi mashuleni ni virusi vya flashi vinavyoficha folda za mtu na kuweka badala yake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu anabofya akidhani anafungua folda ya mitihani, kumbe anaendesha programu haribifu, ambayo nayo humfungulia folda ili asishtuke. Hapa hata kuonyesha viendelezi hakutoshi, kwa kuwa kiendelezi cha njia ya mkato hufichwa daima. Mara nyingi alama pekee ni mshale mdogo kwenye kona ya chini ya picha, wa ukubwa wa punje ya mtama, na mwalimu mwenye miwani kama mimi hauoni. Ningeongeza kanuni moja: njia ya mkato iliyoko kwenye flashi isifunguke bila mfumo kueleza kwa maneno inaelekea wapi.

Kwa aliyekwisha kupatwa, mafaili kwa kawaida yapo, yamefichwa tu. Safisha kwanza kompyuta kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako.

Msafiri wa Singida

Nimesoma yote nikiwa natabasamu, kwa sababu sehemu kubwa ya mnayoyaomba ninayo. Ninatumia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, yenye eneokazi jepesi la Xfce, kwenye mashine ya kizazi cha 4. Kidhibiti cha masasisho kinaniorodheshea kila sasisho na ukubwa wake, nami ndiye ninayebonyeza. Hakuna tangazo, hakuna akaunti, upau unakaa upande niutakao, na matoleo ya 22 yatapewa masasisho hadi 2029. Kabla ya kusasisha, Timeshift inanihifadhia picha ya mfumo ya kurudia.

Mchapaji wa Ng'ong'ona

Ndugu Msafiri, nimeshawahi kufikiria njia hiyo, na kinachonizuia ni wateja. Kijana analeta tasnifu aliyoiandika kwa Word, ameihangaikia mipaka ya kurasa na jedwali la yaliyomo, nami nikiifungua kwa LibreOffice ukurasa wa 14 unahamia wa 15. Msimamizi wake hatajua habari za mfumo endeshi. Atamrudishia kazi, naye atarudi kwangu. Tatizo hili lina ufumbuzi?

Msafiri wa Singida

Nusu yake unao. Mara nyingi kinachovuruga kurasa ni fonti: Times New Roman haimo, basi inawekwa nyingine. Sakinisha fonti za Liberation, ambazo upana wa herufi zake ulipimwa ulingane na Times New Roman, Arial na Courier New, pamoja na Carlito kwa ajili ya Calibri. Kurasa nyingi zitatulia. Picha zilizoelea na majedwali tata hayo siwezi kukuahidi.

Fundi Nkuhungu

Ninaongezea kwa mleta mada: usihamishe duka zima. Mashine ya printa kubwa, ambayo ndiyo inayopokea tasnifu, iache na Windows na Word yake, uiwekee saa za kutumika ili isijiwashe upya mchana. Zinaruhusiwa hadi saa 18 kwa siku. Zile zinazotumika kujaza maombi mtandaoni hazihitaji zaidi ya kivinjari na skana, na hizo ndizo za kuwekea Mint. Anza na moja, tena ujaribu skana kabla ya kusakinisha, kwa kuwasha Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Skana ikikataa hapo, usiendelee, niandikie aina yake hapa tuitazame.

Mchapaji wa Ng'ong'ona

Nimekuelewa, mkuu. Mashine mbili za kizazi cha 6 zipo mlangoni, ndizo za maombi. Nitajaribu moja Jumapili wakati hakuna wateja. Na dada Katibu, Buenos Aires nimeshaiweka.