Mota gani inafaa lori la rimoti kwenye tope la Sabaki, na ilindwe vipi?

Kijana_wa_Mambrui

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nina lori la rimoti la kipimo cha 1/10, lenye kuvuta magurudumu yote manne, uzito wake karibu kilo tatu likiwa na betri. Mota iliyokuja nalo ni ya brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota), saizi ya 540, 35T, yaani waya wake umezungushwa mara 35, na betri ni LiPo (ya lithiamu-polima) ya seli mbili. Kwenye barabara ya vumbi na kwenye mchanga mkavu halina neno. Tabu huanza wakati wa masika, mto Sabaki unaposhuka na kuacha kingoni, upande huu wetu wa Mambrui, lile tope jekundu zito ambalo hujaza meno ya tairi mpaka gurudumu likawa duara tupu. Dakika chache tu hutosha kwa mota kuanza kunuka waya unaoungua, nguvu zikapungua, na ukiigusa huwezi kuacha kidole. Ya kwanza imeshakufa. Nilipoifungua niliona brashi zimelika upande mmoja, na ile shaba ya ndani zinayoigusa imekuwa nyeusi.

Nataka kununua nyingine, na nimekwama kati ya ushauri wa watu mbalimbali. Wapo wanaosema nichukue isiyo na brashi ya 1800 Kv, wengine wanasema 1200 Kv na betri ya seli tatu, na mmoja ameniambia nibaki na brashi ila niivishe mota puto la mpira ili tope lisiingie. Naomba wenye ujuzi wanieleze sababu, si jina la mota peke yake.

Fundi_Redio_Shela

Wa alaikum salaam, kaka. Umeuliza vizuri kutaka sababu, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo hukulitaja kabisa, nalo ni gia. Mota nyingi zinazokufa kwenye tope haziuawi na maji, bali na kazi iliyozidi uwezo wake. Joto la mota hutoka hasa kwenye mkondo wa umeme unaopita ndani ya koili, na mkondo huo hupanda kadiri magurudumu yanavyodai nguvu ya kuzungusha. Mkondo ukizidi mara mbili, joto la koili huzidi mara nne. Ndiyo maana mota iliyokuwa vuguvugu barabarani huungua topeni ndani ya muda mfupi, ingawa lori na betri ni vilevile.

Hesabu meno ya ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Tuseme ni 15. Ukiweka ya meno 11 na kuiacha gia kubwa ilivyo, nguvu inayodaiwa kwa mota hushuka hadi kama asilimia 73 ya ile ya kwanza, na joto la koili hushuka hadi kama asilimia 54, karibu nusu, kwa bei ya kijigia kimoja cha chuma. Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo vijana wengi wanapoumia: ukivisha tairi kubwa kwa asilimia 20 kwa sababu zinapendeza, umeiongezea mota kazi kwa asilimia 20 na joto kwa asilimia 44. Hakikisha tu kwamba gia mpya ina ukubwa wa meno uleule wa gia kubwa, maana zile za kipimo cha meno cha 48 na za 32 hazishikani. Ukiweza kuzibadilisha zote mbili, chukua 32, kwa kuwa meno yake ni manene na huvumilia mchanga kuliko yale membamba.

Sasa tuje kwenye Kv. Namba hiyo ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Mota ya 1800 Kv kwenye seli mbili, yaani volti 7.4, huzunguka mara 13,320 kwa dakika, na ya 1200 Kv kwenye seli tatu, volti 11.1, huzunguka mara 13,320 vilevile. Kasi ni moja, lakini ya 1200 hutumia theluthi mbili tu ya mkondo kwa kazi ileile, jambo ambalo ni faraja kubwa kwa betri, kwa plagi, na kwa kidhibiti mwendo, yaani ESC. Wengi hudhani kwamba mota yenyewe nayo hupoa kwa kiasi hicho. Haipoi. Ili kupunguza Kv, mtengenezaji huzungusha waya mwembamba zaidi mara nyingi zaidi, na ukinzani wake hupanda, kwa hiyo katika mota mbili za saizi moja zinazotoa nguvu ileile ya kuzungusha, joto la koili hukaribiana sana. Kinachoipoza mota ni gia, au mota yenye mwili mkubwa zaidi.

Faida ya seli tatu kwako ni nyingine. Ukipunguza gia lori litakwenda polepole, na tope la mfinyanzi huhitaji magurudumu yazunguke kwa kasi kiasi ili meno yajikung'ute; kwa mota hiyohiyo ya 1200 Kv, volti za ziada hukurudishia ile kasi uliyoipoteza kwenye gia. Kwa hiyo mimi ningechukua 540 isiyo na brashi, 1200 Kv, yenye sensa (kihisi kinachokiambia kidhibiti mota imekaaje), kwenye seli tatu, pamoja na gia ndogo kabisa inayoingia. Bila sensa, mota ya aina hiyo husitasita na kushtukashtuka inapoanza kuzunguka chini ya mzigo, na topeni unaanza chini ya mzigo kila mara.

Puto usiweke. Mota hupoa kupitia ganda lake, na ukiifunika kwa mpira umeifungia joto ndani. Hata tope lenyewe likikauka juu ya ganda hufanya kazi hiyohiyo ya blanketi, kwa hiyo lifute kila unapopumzika.

Mashua_Matondoni

Mdogo wangu wa Mambrui, Fundi wa Shela amesema kweli kuhusu gia, nami sina la kuongeza hapo. Nataka kuzungumzia chumvi, kwa sababu mimi hutengeneza injini za mashua na naona kila siku inavyokula vyuma. Sabaki juu kidogo ni maji matamu, lakini ukisogea mloni, yaani mto unapoingia baharini, bahari inapojaa wakati wa bamvua, tope unaloliona jekundu lina maji ya bahari ndani yake, na maji ya bahari hubeba karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita. Maji matamu hupitisha umeme kidogo sana kwa volti za betri yako. Ya chumvi huupitisha vizuri, na palipo na shaba iliyo wazi yenye volti, umeme huing'oa ile shaba kidogo kidogo. Tope la mikoko ni baya zaidi. Ile hewa yake yenye harufu ya yai viza huifanya shaba iwe nyeusi hata pasipo umeme kupita. Unaposema ulikuta shaba ya mota imekuwa nyeusi, yawezekana ni moto wa cheche, yawezekana ni tope, na yawezekana ni vyote viwili.

Kwa sababu hiyo, mota ya brashi na maji ya chumvi ni mahasimu. Brashi na shaba lazima zigusane wazi ili mota izunguke, huwezi kuzipaka chochote. Isiyo na brashi ina koili zilizopakwa vanishi na haina mgusano wowote ndani, kwa hiyo udhaifu wake umebaki mahali pawili: beringi, na kijibao cha sensa. Soketi ya waya wa sensa ijaze grisi ya silikoni kabla ya kuchomeka, kisha ifute inayotoka pembeni. Beringi zichague zenye kifuniko cha mpira badala ya zile za kifuniko cha bati, na mahali shafti inapotokea paka grisi ya boti, ileile tunayoitia kwenye ekseli ya rafadha, kidogo tu, isije ikaokota mchanga.

Kuosha ndiko kunakoamua mota itaishi masika mangapi. Usingoje kufika nyumbani. Chukua dumu la maji na uoshe tope likiwa bado bichi, gurudumu likizunguka polepole, na kwa mota ya brashi toa betri kwanza. Angalia pia maji unayotumia. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi chumvi, na kuoshea kwa maji hayo ni kubadilisha chumvi nyingi kwa chumvi chache. Maji ya mvua ndiyo bora, na aliye na jabia au tangi asione ubahili kutumia lita mbili. Kisha kaushia kivulini penye upepo, na utie tone moja la mafuta mepesi kwenye kila beringi, ukilinda brashi zisiguswe.

Nakuomba jambo moja jingine. Usiendeshe juu ya miche ya mikoko, wala karibu na ndege wanapotua mloni. Kingo ziko nyingi.

Kijana_wa_Mambrui

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Nimehesabu meno: gia ndogo ina 14. Fedha ya mota isiyo na brashi, kidhibiti chake na betri mpya kwa pamoja bado sina. Je, kuna njia ya katikati? Na kidhibiti nilicho nacho kina feni juu yake, nikizibe?

Mwalimu_Umeme_Malindi

Ipo, na kwa hali yako naiona ndiyo ya busara zaidi, ingawa wenzangu wawili wameelekea kwingine. Nunua mota ya brashi ya 55T, saizi ya 540, na gia ya meno 11. Mota ya brashi huanza taratibu bila kushtuka na haihitaji sensa, kidhibiti chako kitaikubali kwa kuwa 55T huvuta mkondo mdogo kuliko 35T, na betri yako itatumika ileile. Lori litakuwa zito wa mwendo, nakiri hilo, lakini halitaungua. Mradi tu ubaki kwenye tope la maji matamu, juu ya mlo. Ukitaka kuteremka baharini, rejea maneno ya Mashua.

Unapofunga gia mpya, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, uupitishe kati ya gia mbili, sukuma mota mpaka iubane, kaza skrubu, kisha zungusha utoke. Karatasi itatoka imekunjwa kunjwa bila kutoboka, na nafasi iliyobaki ndiyo sahihi. Gia zilizobanana sana huipa mota mzigo hata kabla hujagusa tope. Halafu kata kipande cha plastiki cha dumu kuukuu, ukifunge chini ya gia kubwa kama ngao ya mawe na tope, ukiacha pande za mota wazi zipate hewa.

Feni iondoe, usiizibe. Tope likiikwamisha, feni huendelea kuvuta umeme bila kuzunguka, na kidhibiti kilichotengenezwa kustahimili maji hupoa vya kutosha kwa mota ya 55T. Swichi yake iweke mahali pa juu, ndani ya bodi, na risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, itie ndani ya kijisanduku, matundu ya waya yakiwa yamezibwa kwa grisi ya silikoni.

Siku ya kwanza endesha dakika tano, simama, upime ganda la mota kwa kipimajoto cha miale. Chini ya nyuzi 60, endelea. Ikifika 75, acha, kwa kuwa ndani ni moto kuliko ganda. Na siku utakapohamia isiyo na brashi utauheshimu mpaka huo zaidi, maana sumaku za neodimiamu za aina ya kawaida huanza kupoteza nguvu karibu na nyuzi 80, na hazirudi zikipoa. Gurudumu likikwama, achia rimoti papo hapo. Mota iliyozuiwa kuzunguka huvuta mkondo wake mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na brashi na shaba huungua pale pale zinapogusana.