Tupeane uzoefu: wanariadha waliotutoka, tuwakumbuke kwa saa zao

Mleta mada

Wakuu, mwanariadha akifariki tunaweka picha ya mshumaa, tunaandika "pumzika kwa amani", wiki ikipita hakuna anayekumbuka marehemu alikimbiaje. Hapa tuweke mbio zenyewe: aligawaje nguvu, mizunguko ilikwendaje, na anayefundisha vijana achukue nini. Tuwachukue waliofariki kuanzia 2020. Habari za "nilipiga naye picha uwanja wa ndege" tuziache.

Naanza na Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, aliyefariki kwa ajali ya gari usiku wa 11 Februari 2024 maeneo ya Kaptagat, pamoja na kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Wengi wameshika namba moja tu, 2:00:35 ya Chicago, 8 Oktoba 2023, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni. Ipasueni katikati: nusu ya kwanza 60:48, ya pili 59:47. Sasa rudini London, Aprili mwaka huohuo: 61:40, halafu 59:45. Pale London nusu ya pili iliipita ya kwanza kwa karibu dakika 2 nzima! Ukiongeza Valencia ya Desemba 2022 (2:01:53), marathoni zake zote ni 3, na zote ziko chini ya 2:02.

Chicago wastani wake ulikuwa kama 2:51.5 kwa kilomita. Lakini kati ya kilomita ya 30 na ya 35 alitumia 13:51, sawa na 2:46 kwa kila kilomita. Kumbukeni hapo ni mahali gani. Akiba ya sukari kwenye misuli na ini humtosha mtu mpaka kilomita ya 30 au 32 hivi, ndipo wengi miguu inakuwa mizito kama imefungwa mchanga. Yeye hapo ndipo alipoanza mbio. Kabla ya hapo alikuwa anasafiri tu na wenzake.

Kocha wa Bondeni

Umesema vizuri, lakini tahadhari iwekwe mapema kabla vijana hawajaumia. Hakizimana alieleza hadharani kwamba Kiptum alikuwa anakimbia kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, mara nyingine kupita 300. Gawanya 280 kwa siku 7, unapata 40 kila siku, na ndani yake mna mbio ndefu za kilomita 30 hadi 40 kwa kasi inayokaribia ya mashindano. Kocha mwenyewe alikuwa na hofu kwamba kijana atachakaa mapema.

Kijana wa kilomita 80 kwa wiki akisoma hivyo anaruka mpaka 160 mwezi ujao. Kinachofuata kinajulikana: ugoko unaanza kuuma kwa ndani, anadhani ni uchovu, anakaza, mfupa unapata ufa, miezi 3 yuko nje. Mapafu huzoea ndani ya wiki chache. Mifupa na kano zinataka miezi.

Cha kuiga kwa Kiptum ni mgawanyo wa nguvu. Zoezi la kuujifunza ni hili, kwa mtu anayelenga nusu marathoni kwa 1:20, yaani kama 3:47 kwa kilomita. Tafuta barabara ya kilomita 16 isiyo na mteremko mwanzoni. Kilomita 8 za kwanza kimbia kwa 3:55, na usizipite hata mwili ukikushawishi. Kutoka ya 8 hadi ya 13 shika 3:47. Tatu za mwisho, 3:40. Kosa la kawaida liko kwenye kilomita 2 za kwanza: miguu mipya, wenzako wanapiga kelele, unazipiga kwa 3:40, na ile ya mwisho unaimaliza kwa 4:05 ukitazama chini. Likikutokea, wiki ijayo rudia hilohilo, usiongeze kitu. Na maji, mafunda mawili matatu kila kilomita 5 tangu mwanzo. Ukisubiri kiu umechelewa.

Mshabiki wa Kipchoge

Rekodi si ya Kipchoge? Alikimbia 1:59:40 pale Vienna 2019, iko chini ya hiyo ya Kiptum.

Saa Mkononi

Ndugu, hili linajirudia kila mwaka, ngoja niliweke lote.

Ile ya Vienna, 12 Oktoba 2019, ni kazi kubwa ya binadamu, lakini si rekodi. Hayakuwa mashindano ya wazi. Waweka kasi, yaani wanaokimbia mbele kumshikia mwenzao kasi, walikuwa wanaingia na kutoka kwa zamu, wakati sheria inataka mweka kasi aanze na wenzake, akitoka ametoka. Vinywaji pia aliletewa njiani kwa baiskeli badala ya kuvichukua mezani. Rekodi ya Kipchoge iliyotambuliwa ni 2:01:09, Berlin 2022, na ndiyo Kiptum aliyoivunja kwa sekunde 34.

Ili muda wa marathoni uidhinishwe, kuna mambo yanayokaguliwa. Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, na huongezwa mita 1 kwa kila 1,000 ili isije ikatokea fupi. Ndiyo maana njia nyingi ni ndefu kwa mita kama 42 kuliko unavyodhani. Mwanzo na mwisho visitengane, kwa mstari ulionyooka, zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Mteremko usizidi mita 1 kwa kilomita. Boston inaanguka kwenye yote mawili, ndiyo maana 2:03:02 ya Geoffrey Mutai ya 2011 haikuhesabiwa ingawa ilikuwa kasi kuliko rekodi ya wakati ule. Soli ya kiatu isizidi milimita 40. Vipimo vya dawa viwe safi.

Haya yote huchukua muda. Kiptum alikimbia Oktoba, rekodi ikaidhinishwa 6 Februari 2024. Siku 5 baadaye akafariki. Aprili alikuwa aende Rotterdam kujaribu kushuka chini ya saa 2, na kwa hesabu alihitaji kupunguza sekunde 36, hata sekunde moja nzima kwa kilomita haifiki.

Mzee wa Vumbi

Na siku 4 baada ya Kiptum tulimpoteza Mkenya mwingine, Henry Rono, 15 Februari 2024, akiwa na miaka 72. Msiba wa kijana ukafunika wa mzee, hata magazeti yalimpa safu nyembamba. Mimi nasema mwaka wa 1978 wa Rono haujapata mwenzake. Someni wenyewe:

8 Aprili, Berkeley, mita 5,000: 13:08.4.
13 Mei, Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji: 8:05.4.
11 Juni, Vienna, mita 10,000: 27:22.4.
27 Juni, Oslo, mita 3,000: 7:32.1.

Rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81, akiwa bado mwanafunzi wa Washington State University. Mbili za mwisho zimepishana siku 16, moja ya mizunguko 25 na nyingine ya mizunguko 7 na nusu. Ukizigeuza kuwa mizunguko, ile ya 10,000 ni sekunde 65.7 kila mzunguko, ya 5,000 ni 63.1, na ya 3,000 ni 60.3. Mkimbiaji wa kawaida akinolewa kwa moja ya hizi, nyingine inabutuka. Yule alizibeba zote kwa pamoja, na mwaka huohuo akachukua dhahabu 2 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton na 2 za Michezo ya Afrika kule Algiers.

Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja. 1976 nchi za Afrika ziligomea Montreal kwa sababu ya New Zealand kupeleka timu ya raga Afrika Kusini, na 1980 Kenya ikagomea Moscow. Mtu akikuambia "mbona hana medali ya Olimpiki", jibu ni hilo.

Mruka Maji

Mzee, ngoja niongeze kwenye ile ya viunzi, maana ndani yake mna somo.

Chukua 8:05.4, toa 7:32.1. Unabaki na sekunde 33.3. Mbio za viunzi zina miruko 28 ya viunzi vikavu na 7 ya maji, jumla 35. Kwa hiyo kila mruko ulimgharimu Rono chini kidogo ya sekunde moja. Hiki ni kipimo ambacho kocha yeyote anaweza kukitumia kesho asubuhi: mpime kijana mita 3,000 tupu, mpime za viunzi, toa. Tofauti ikizidi sekunde 40, usimwongezee mbio, mwongezee kuruka. Ikiwa 30, kuruka kwake kuko sawa, atafute kasi.

Na Rono mwenyewe hakusifika kwa mruko mzuri, alikuwa anavuka kwa nguvu tu. Fikiria angekuwa na mruko!

Kiunzi cha wanaume kina sentimita 91.4, cha wanawake 76.2, na hakianguki ukikigonga. Unayeanguka ni wewe. Kwenye maji shimo lina mita 3.66 na sakafu yake inapanda kuelekea mbele, kina kikubwa kiko chini ya kiunzi. Kanyaga juu ya kiunzi kwa unyayo wa kati, jisukume kwenda mbele, usijisukume kwenda juu. Tua kwa mguu mmoja, sehemu ya mwisho ambako maji ni haba, mguu wa pili ukanyage pakavu. Wanaoharibu ni wale wanaopunguza hatua wakiwa mita 10 kabla, wakitafuta mguu wa kurukia. Wanafika wamekufa kasi, wanatua katikati ya dimbwi kwa miguu yote miwili, viatu vinajaa, na hiyo ni raundi ya kwanza tu, bado 6.

Mpanda Elgon

Naomba Rebecca Cheptegei wa Uganda asisahaulike, na kwanza tusahihishe: si Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 wa Olimpiki ya Paris. Ni watu wawili. Rebecca alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia, akafariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024. Habari zote zikawa za moto. Mbio zake hazikuandikwa.

Muda wake bora wa marathoni ni 2:22:47, Abu Dhabi, Desemba 2022. Wiki chache kabla yake alikuwa ameshinda dhahabu ya dunia ya mbio za milimani kule Chiang Mai, Thailand, ile ya kupanda na kushuka. Si wengi wanaoweza kutoka mlimani na kushuka kwenye lami tambarare kwa muda ule, maana hatua ni tofauti kabisa.

Paris, 11 Agosti 2024, alikuwa wa 44 kwa 2:32:14. Nimeona watu wakiandika "alishindwa". Kaangalieni njia: kutoka jengo la manispaa ya Paris hadi Versailles na kurudi, jumla ya mita 436 za kupanda, na kilima kimoja kikali kinafika asilimia 13.5. Sifan Hassan mwenyewe alishinda kwa 2:22:55, wakati ana 2:13 kwingine.

Njia kama ile haichoshi watu kwenye kupanda, inawachosha kwenye kushuka. Ukishuka kwa hatua ndefu, kisigino kikitangulia, kila hatua inapiga breki na mapaja ndiyo yanayolipa. Kilomita 10 baadaye, kwenye tambarare, paja linatetemeka na huna la kulifanyia. Panda kwa hatua fupi, tazama mita chache mbele, sahau saa. Shuka kwa hatua fupi za harakaharaka, mwili ukiinama kidogo kufuata mteremko, mikono ipanuke kutafuta mizani.

Wa Mbulu

Mmetaja waweka kasi bila kumtaja Ben Jipcho, aliyefariki Julai 2020? Fainali ya mita 1,500, Olimpiki ya Mexico 1968, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Jipcho alichomoka akapita mita 400 kwa sekunde 56, Mkenya mwenzake Kip Keino nyuma yake. Keino akapita 800 kwa 1:55.3. Jim Ryun wa Marekani alikaa nyuma akiamini kwenye hewa nyepesi vile watakatika. Hawakukatika. Keino 3:34.9, Ryun 3:37.8, na Jipcho aliyelipa gharama akamaliza wa 10.

Lakini wasiishie hapo. 1973 Jipcho huyohuyo aliweka rekodi ya dunia ya viunzi na maji, Helsinki. Na Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, mwanzoni mwa 1974, alichukua dhahabu ya viunzi, dhahabu ya 5,000 na shaba ya 1,500. Hiyo shaba ndiyo mbio ambayo Filbert Bayi wetu aliongoza tangu bunduki mpaka kamba, 3:32.16, rekodi ya dunia. Jipcho alikuwa wa tatu kwa 3:33.16. Kwa muda ule mwaka mmoja nyuma angeshinda karibu mbio yoyote duniani.

Mleta mada

Asanteni. Kimebaki kimoja cha haraka: Wilson Kiprugut Chumo, aliyefariki Novemba 2022. Jina lenyewe, kwa Kikalenjin, ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Mita 800, Tokyo 1964, wa tatu kwa 1:45.9. Mexico 1968, wa pili kwa 1:44.5, nyuma ya Ralph Doubell wa Australia aliyefikia rekodi ya dunia ya 1:44.3.

Saa Mkononi

Na mnapomwandikia msimpe "dhahabu ya kwanza ya Kenya", nimeiona mara nyingi. Kiprugut ni medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, nayo ni shaba. Dhahabu ya kwanza ni ya Naftali Temu, mita 10,000, Mexico 1968.