Uzi wa Vasco da Gama ya Rio: tupeane tunayoyajua, kuanzia makasia hadi barua ya 1924

Mshika Kibendera
Wakuu, kila ukitajwa mpira wa Brazil mjadala huishia kwa Flamengo na Santos. Uzi huu ni wa Vasco. Mwenye kuleta habari aje na mwaka, jina na matokeo, na aeleze jambo lilivyofanyika. Naanza mimi.

Klabu ilianzishwa 21 Agosti 1898 na haikuwa ya mpira. Ilikuwa klabu ya mbio za makasia, ya vijana ambao wengi walikuwa Wareno wa madukani Rio de Janeiro. Ndiyo maana jina rasmi hadi leo ni Club de Regatas Vasco da Gama. Flamengo nao walianza na makasia mwaka 1895, hivyo upinzani wao ulizaliwa majini kabla ya kufika uwanjani. Mwaka 1904 Vasco walimchagua Cândido José de Araújo, mtu mwenye asili ya Kiafrika, kuwa rais wa klabu. Utumwa ulikuwa umefutwa Brazil mwaka 1888 tu, miaka 16 nyuma. Tarehe hizo mbili ziwekeni karibu, zitawasaidia huko mbele.

Mpira uliingia 26 Novemba 1915, walipoungana na Lusitânia, timu ya Wareno watupu. Mechi ya kwanza, 3 Mei 1916, daraja la tatu, walipigwa 10-1 na Paladino. Mwaka 1923 wakawa mabingwa wa Rio.

Binti wa Mvita
Kaka, asante. Sisi wa pwani hilo jina halipiti hivihivi. Kwa nini klabu inayosifiwa kwa kutetea weusi iitwe jina la mtu aliyekuja kwetu na mizinga?

Bandarini
Dada, swali lako lina haki yake. Mwaka 1898 Wareno waliadhimisha miaka 400 ya ile safari ya baharia Vasco da Gama kwenda India, na wahamiaji wa Rio wakachagua jina la shujaa wa kwao. Huku kwetu safari hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine: Aprili 1498 alifika Mombasa, pakawa na uhasama, akaenda Malindi ambako alipokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Aliporudi mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Kwa hiyo jina ni la waanzilishi, na maana ambayo klabu inajivunia leo ilitengenezwa na watu wengine, miaka 25 baadaye. Mimi naona haya mawili yasichanganywe. Kuipenda timu ya 1923 hakukulazimishi kuifuta Kilwa.

Mzee wa Takwimu
Tuje kwenye 1923 yenyewe. Walipanda kutoka daraja la pili mwaka 1922 na kuchukua ubingwa msimu wao wa kwanza juu. Walipoteza mechi moja tu, 3-2 na Flamengo.

Kikosi kinaitwa Camisas Negras, yaani Mashati Meusi, kwa sababu ya jezi zao nyeusi. Golini Nelson da Conceição. Mabeki wawili, Leitão na Mingote. Kati Nicolino, Bolão na Arthur. Mbele watano: Paschoal, Torterolli, Arlindo, Cecy na Negrito. Nelson alikuwa dereva wa teksi, Bolão dereva wa lori, Nicolino kuli wa bandarini, Cecy mpaka rangi. Timu walizozikuta juu zilijaa wanafunzi wa sheria na udaktari, watoto wa familia zenye uwezo.

Walishindaje? Kwa pumzi. Kocha alikuwa Ramón Platero wa Uruguay, akawakimbiza barabarani kila siku wakati timu nyingine zilikuwa zinafanya mazoezi kwa kupata nafasi. Angalia simulizi za mechi zao: mabao mengi kipindi cha pili, wapinzani wakiwa wamekwisha.

Tatizo likaja hapo. Ligi ilikuwa ya ridhaa, mchezaji hakuruhusiwa kulipwa. Mtu anayebeba mizigo bandarini kutwa nzima atafanya mazoezi saa ngapi? Wafanyabiashara wa Kireno wakawaandikisha wachezaji kama wafanyakazi wa maduka yao. Mkaguzi wa ligi akija kumtafuta, anajibiwa kuwa ametumwa nje kikazi. Na bonasi ya ushindi ililipwa kwa majina ya wanyama wa bahati nasibu ya mitaani: mbwa ni mil-réis (fedha ya Brazil ya enzi hizo) 5, sungura 10, bata mzinga 20, jogoo 50, ng'ombe 100. Wachezaji wa Brazil bado wanaiita bonasi ya ushindi bicho, yaani mnyama.

Karani wa Ligi
Hapo ndipo wakubwa walipokasirika, na hapo ndipo simulizi nyingi za mtandaoni zinapokosea. Wengi wanaandika kwamba ligi ilipiga marufuku weusi. Hakuna kanuni iliyoandikwa hivyo, na ndio ujanja wenyewe. Tazameni mashine ilivyofanya kazi.

Mwanzoni mwa 1924 Fluminense, Flamengo, Botafogo, América na Bangu waliunda chama kipya, AMEA, na kujipa haki za waanzilishi ambazo klabu nyingine hazikupata. Kila mchezaji alitakiwa kujaza fomu kwa mkono wake: anafanya kazi gani, wapi, kwa nani, amesoma wapi. Kisha kamati ya uchunguzi inafuatilia. Kazi duni, hapiti. Hajui kuandika, hapiti. Rangi haitajwi popote, lakini katika Rio ya 1924 ukichuja kwa kazi na shule unajua nani atabaki kwenye chujio. Juu ya hayo Vasco waliambiwa hawana uwanja wa hadhi.

Matokeo: wachezaji 12 wa Vasco walikataliwa, 7 wa kikosi cha kwanza na 5 wa kikosi cha pili. Klabu ikaambiwa iwaondoe hao ndipo iingie.

Tarehe 7 Aprili 1924 rais wa Vasco, José Augusto Prestes, alimwandikia rais wa AMEA, Arnaldo Guinle. Ni barua fupi, ya adabu, na kila aya ina kazi yake. Anapinga kwanza upendeleo wa wale waanzilishi watano. Kisha anapinga namna uchunguzi ulivyofanywa, bila wachunguzwa kupewa nafasi ya kujitetea. Halafu anafika kwa wale 12: karibu wote ni vijana wa Kibrazili walio mwanzoni mwa maisha ya mpira, na kuwatupa hadharani kungewatia doa ambalo hawakustahili. Anamaliza kwa kuiondoa Vasco kwenye chama. Inaitwa Resposta Histórica, yaani Jibu la Kihistoria. Kwangu mimi hiyo ndiyo hati muhimu kuliko kombe lolote walilonalo.

Vasco walibaki ligi ya zamani, wakachukua ubingwa wake 1924, na 1925 AMEA ikawapokea. Ligi bila wao ilikosa watu getini.

Rekebisho moja, tafadhali. Msiandike kwamba Vasco ndio wa kwanza kuchezesha weusi. Bangu, timu ya kiwanda cha nguo, ilimchezesha Francisco Carregal tangu 1905. Sifa ya Vasco ni kutwaa ubingwa na timu ya namna hiyo, na kukataa kuivunja ilipoamriwa.

Mshika Kibendera
Karani, umeandika vizuri sana. Ongezeni uwanja.

Fundi Mwashi
São Januário, uwanja wa Vasco, ni jibu la ile hoja ya "hamna uwanja". Fedha zilitoka kwa wanachama na mashabiki: kampeni ya kutafuta wanachama wapya 10,000, na michango ya wenye maduka. Jiwe la msingi liliwekwa 6 Juni 1926, ukafunguliwa 21 Aprili 1927. Miezi kumi na nusu. Siku ya ufunguzi Santos walishinda 5-3. Ulikuwa mkubwa kuliko vyote Amerika Kusini hadi Centenario ya Montevideo ilipofunguliwa 1930, na mkubwa kuliko vyote Rio hadi Maracanã ya 1950. Rais Getúlio Vargas aliutumia kwa sherehe za Mei Mosi, na hapo ndipo alipotangaza sheria ya kima cha chini cha mshahara mwaka 1940.

Ubaya wake ni kwamba umebanwa na nyumba pande zote. Tarehe 30 Desemba 2000, mkondo wa pili wa fainali ya ligi dhidi ya São Caetano, uzio wa jukwaani ulibomoka kwa msongamano na watu zaidi ya 150 wakaumia. Mechi ilivunjika, ikarudiwa Maracanã Januari 2001, Vasco wakashinda 3-1.

Mama Jezi
Kwa wanaonunua jezi: nyeusi yenye mkanda mweupe, au nyeupe yenye mkanda mweusi. Mkanda unaanzia bega la kushoto la mvaaji na kushuka kulia. Ukiona umegeuzwa, muuzaji amekupa kitu cha ovyo. Weusi ni bahari zisizojulikana, mkanda ni njia ya meli. Msalaba mwekundu mashabiki wanauita wa Malta, ingawa meli za Wareno zilibeba msalaba wa Shirika la Kristo, ambao umbo lake ni tofauti.

Mzee wa Takwimu
Mataji, kwa haraka: ubingwa wa Brazil 1974, 1989, 1997 na 2000, Kombe la Brazil 2011, na Libertadores (kombe kuu la klabu za Amerika Kusini) 1998, mwaka wa kutimiza karne, kwa kuifunga Barcelona ya Guayaquil 2-0 na 2-1. Kabla ya hapo, 1948, walikuwa mabingwa wa mabingwa wa Amerika Kusini huko Santiago. Kipa wa kikosi kile, Barbosa, ndiye aliyebebeshwa lawama za Brazil kufungwa na Uruguay kwenye Kombe la Dunia 1950, na alizibeba hadi kifo chake mwaka 2000. Kipa mweusi, mmoja wa bora aliowahi kuwa nao Brazil. Haikuwa haki.

Karani wa Ligi
Na ya karibuni, maana watu wanachanganya. Walishuka daraja 2008, 2013, 2015 na 2020. Mwaka 2022 kitengo cha mpira kilifanywa kampuni na 777 Partners wa Marekani wakachukua asilimia 70. Mei 2024 mahakama ya Rio iliwaondolea udhibiti, na uendeshaji ukarudi mikononi mwa klabu ya wanachama chini ya rais Pedrinho, mchezaji wao wa zamani. Kwa hiyo mkisoma habari za Vasco, angalieni kwanza anayezungumzwa ni nani: kampuni ndiyo yenye timu ya mpira, na klabu ya wanachama ndiyo yenye makasia, makumbusho na ile barua.