Miaka 6 ya kukata minofu ya sangara, Kanada wanasema si kazi ya ujuzi. Ni haki?

KijanaCapripoint: Wakuu, dada yangu ni mkata minofu kiwandani hapa Mwanza, miaka 6 sasa. Anataka makazi ya kudumu Kanada kupitia Express Entry, ule mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa pointi. Sharti ni angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi, saa 1,560, ndani ya miaka 10 iliyopita. Saa anazo hadi za kugawa. Shida, kazi wamezipanga madaraja 0 hadi 5, 0 ndiyo la juu. Mkata minofu yuko la 4 na mlango unaishia la 3. Katibu muhtasi wa kiwanda hichohicho anapita! Hii ni haki?

Nyegezi_Mkubwa: Kwao, sheria zao. Kanada haitafuti watu wa mapanki, yale mabaki ya samaki minofu ikishakatwa.

MamaKirumba: Mapanki yamekukosea nini? Nimesomesha watoto watatu kwa mapanki ya kukaanga. Mmoja nesi, labda ndiye aliyekuchoma sindano.

Nyegezi_Mkubwa: Shikamoo mama. Sikukulenga wewe, nimeongea kitaalamu.

MamaKirumba: Marahaba. Shika kisu umpasue sangara wa kilo 20 bila kuacha nyama mgongoni, ndiyo uje na utaalamu wako.

Igoma_Stendi: Akipata ofa ya kazi si anaongezewa pointi 50? Rafiki yangu aliniambia.

WaUghaibuni: Zilifutwa Machi 2025, mwambie rafiki yako aamke. Niko huku mwaka wa 8. Barua ya mwajiri ndiyo inaua wengi: itaje cheo, majukumu, saa kwa wiki, mshahara. Kwetu unapewa mistari miwili na muhuri.

Igoma_Stendi: Basi iandikwe "msimamizi wa uzalishaji". Huyo yuko daraja la 2. Kesi imeisha.

WaUghaibuni: Wanasoma majukumu, si cheo. Ukinaswa umedanganya unafungiwa miaka 5. Ndiyo maana Watanzania tunaulizwaulizwa.

Igoma_Stendi: Usitusemee Watanzania. Umekaa huko miaka 8 unabeba maboksi, leo unatutukana.

WaUghaibuni: Maboksi yamejenga nyumba Buswelu. Yako iko wapi?

KijanaCapripoint: Jamani, swali langu.

WaUghaibuni: Ajaribu ule mpango wa majimbo manne ya Kanada ya pwani ya Atlantiki. Daraja la 4 wanachukua, ilimradi mwajiri wa huko atoe ofa ya kazi ya kudumu, na saa 1,560 ziwe ndani ya miaka 5 iliyopita. Viwanda vya samaki vimejaa pwani ile. Awe na cheti cha sekondari na afanye mtihani wa lugha.

Nyegezi_Mkubwa: Yaani avuke bahari akakate samaki, na ziwa liko mlangoni?

MamaKirumba: Kwani mshahara ni uleule? Kijana wewe hesabu zilikupita.

KijanaCapripoint: Dada aliishia kidato cha tatu.

Igoma_Stendi: Mapanki lakini ni chakula cha kuku, tusidanganyane.

MamaKirumba: Kuku wa kwenu wana bahati. Njoo na limao na pilipili, utalamba mpaka karatasi.

Nyegezi_Mkubwa: Mama, unafunga saa ngapi?

MamaKirumba: Kwako wewe nimeshafunga.